SOMO: KIBANJA, RWEYA NA BONDE



Tukisikia habari za kupanda miti na kuacha nafasi za majani mijini, mara nyingi twadhani ni shauri la uzuri tu, kama maua yapandwayo mbele ya ofisi. Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba sivyo. Mji usio na miti wala majani hauna pahali pa kuweka maji ya mvua. Na maji yasiyowekewa pahali hujitafutia yenyewe, hata yakaingia nyumbani mwa watu.

Tuanze na jambo tulijualo sote. Wazee wa Buhaya hawakuchora ramani, walakini nchi yao waliipanga. Kwanza palikuwa na kibanja: nyumba katikati, migomba kuizunguka, mibuni kati ya migomba, maharagwe chini yake, na juu ya yote miti mirefu, kama mushambya na muhumula. (Muhumula ndio mti ambao wataalamu wa mimea waliupa jina la Emin Pasha, yule aliyeanzisha kituo cha Wadachi hapa Bukoba mwaka 1890.) Pili palikuwa na rweya, yaani uwanda wa majani, malisho ya ng'ombe, na pahali pa kukata majani ya kuezekea nyumba na ya kutandaza chini ya migomba. Tatu palikuwa na bonde, penye chemchemi na mafunjo. Huko watu walichota maji, lakini nyumba zao walizijenga juu.

Sasa tuangalie jinsi mpango huo ulivyofanya kazi. Mvua ya Bukoba hufika milimeta 2,000 hivi kwa mwaka, hali ya Dodoma kwa kawaida haifiki 600. Mvua nyingi hivyo ikinyesha juu ya kibanja, hupigwa kwanza na majani ya miti, kisha na ya migomba, ikaanguka polepole juu ya majani yaliyotandazwa, ikazama ardhini. Baada ya siku nyingi hutokea tena bondeni, safi, katika chemchemi. Lakini ikinyesha juu ya bati, lami na ua uliofagiliwa, huzama kidogo tu. Sehemu kubwa hushuka upesi, nayo imechukua udongo na takataka.

Basi, mji wetu umekua. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 Manispaa ya Bukoba ilikuwa na watu 128,796. Pembeni mwa mji, kama Kibeta, Kitendaguro na Ijuganyondo, mji umekutana na vibanja. Baba hugawia wanawe kibanja chake. Mwana hupata sehemu ndogo isiyomtosha kwa chakula, naye huiuza iwe viwanja vya kujengea. Migomba hukatwa, miti hukatwa, bati huwekwa. Hatumlaumu kijana huyo, maana ana haja zake. Lakini yafaa tujue kwamba maji yaliyokuwa yakizama katika kibanja kile sasa yatashuka kwenda mto Kanoni, ambao hupita katikati ya mji kabla ya kuingia ziwani. Na kando ya mto huo na vijito vyake watu wamejenga. Tena ziwa lenyewe halikai pahali pamoja: mwaka 1964 na tena mwaka 2020 lilipanda sana, likaingia katika mashamba na nyumba za watu wa pwani zake.

Jirani zetu wa Kampala wamekwisha kujifunza jambo hili kwa gharama. Kinamasi cha Nakivubo, chenye mafunjo, kilikuwa kikichuja maji machafu ya mji kabla hayajafika katika ghuba ambayo Kampala huchota maji yake ya kunywa, huko Gaba. Watu walikata mafunjo, wakalima magimbi, wakajenga nyumba na viwanda. Kinamasi kikapungua, na kazi ya kusafisha maji ikawa ngumu na ya fedha nyingi zaidi. Kazi iliyofanywa bure na majani sasa hufanywa kwa mitambo na dawa.

Serikali yetu imeweka sheria juu ya jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Lakini sheria haitoshi ikiwa mwuzaji, mnunuzi na shahidi wote wajua kwamba kiwanja ki ndani ya mita hizo, nao wanyamaza.

Labda mtu atauliza, “Je, ardhi ni haba, tuache bonde tupu hali watu hawana pa kukaa?” Swali hili ni la haki. Twajibu: bonde lililoachwa si tupu, maana lafanya kazi. Na mara nyingi anayejenga bondeni ni maskini, kwa kuwa huko ndiko ardhi ilipo rahisi. Mvua kubwa ikija, yeye ndiye hupoteza godoro, unga na daftari za watoto. Kumwuzia kiwanja kile si kumsaidia. Naye aliyekwisha kujenga asifukuzwe tu. Atafutiwe kwanza pahali pengine.

Tufanye nini basi? Kwanza, anayegawa kibanja aache miti michache mipakani, na kila nyumba iwe na migomba na udongo usiofunikwa. Pili, mikalitusi isipandwe karibu na chemchemi, kwa maana hunywa maji mengi. Tatu, viwanja vya makanisa na shule vitunzwe kuwa na kivuli na majani. Nne, ndugu zetu wa Muleba, ambao mji wao ungali mdogo, wapime mabonde yao sasa, kabla hayajauzwa. Kulinda bonde ambalo bado halijajengwa ni kazi ya mkutano mmoja. Kulirudisha likiisha kujengwa ni kazi ya miaka.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Maji ya mvua ya kwako hushuka kwa nani?
2. Katika kijiji au mtaa wenu, ni chemchemi gani iliyokauka, na juu yake palifanywa nini?
3. Ukiitwa kuwa shahidi wa kuuza kiwanja kilicho kando ya mto, utasema nini?