Nahodha Aliyejiundia Chombo

Katika mwaka 1892 nahodha mmoja wa Marekani, jina lake Joshua Slocum, alikuwa hana kazi, kwa kuwa merikebu za moshi zilikuwa zikizishinda merikebu za matanga. Rafiki yake akampa chombo. Alipokwenda mji wa Fairhaven kukitazama, aliona jahazi kuukuu, jina lake Spray, limeegemezwa shambani na kufunikwa turubai. Majirani walidhani amekuja kulivunja. Aliposema kwamba ataliunda upya, walistaajabu, wakauliza kama kazi hiyo italeta faida yo yote.

Basi Slocum akashika shoka. Aliangusha mwaloni uliokuwa karibu, akauchonga uwe mkuku, yaani mti mrefu wa chini ubebao chombo chote. Kwa mataruma alitwaa miti michanga iliyonyoka, akaifukiza kwa mvuke wa maji hata ikalainika. Kisha aliipinda juu ya gogo na kuifunga, mpaka ikashika umbo lake. Juu ya mataruma akapigilia mbao, moja baada ya moja.

Ikabaki kutia kalafati. Kila mwanya kati ya mbao aliusindilia pamba kwa chembeu, yaani patasi butu. Mtazamaji mmoja akapiga kelele kwamba pamba itatoka. Slocum akaendelea na kazi yake. Juu ya pamba akasindilia nyuzi za kamba, kama alivyokusudia tangu mwanzo. Pamba ile haikutoka kamwe.

Kazi ilichukua miezi 13, na vifaa viligharimu dola 553 na senti 62.

Tarehe 24 Aprili 1895 alitweka tanga kutoka Boston, peke yake. Katika Visiwa vya Keeling, Bahari ya Hindi, chombo kiligonga jiwe la matumbawe. Jiwe lilipasuka vipande viwili, lakini mti wa omo, uliochongwa kwa mwaloni, haukupata hata alama. Tarehe 27 Juni 1898 alifika Newport, amekwisha kuizunguka dunia kwa mwendo wa maili 46,000. Hakuna mtu aliyefanya hivyo peke yake kabla yake.

Hivyo waliouliza habari za faida walipata jawabu. Kazi iliyofanywa vema huonekana siku ya kujaribiwa.

Maswali
1. Kwa nini Slocum aliifukiza miti ya mataruma?
2. Aliziba namna gani nyufa za chombo?
3. Ingekuwaje kama angefanya kalafati kwa haraka?