Mipango ya Utume Ikivunjika, Ndoa Isivunjike



Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna kazi fulani katika Kanisa. Mmoja ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, mwingine anafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, mwingine ni mweka hazina wa kigango. Wapo pia wanandoa ambao paroko amewaomba wawafundishe wachumba wanaojiandaa kwa sakramenti ya Ndoa. Kazi hizi nyingi hazina mshahara. Mnazifanya baada ya shamba, baada ya duka, baada ya ofisi, na mara nyingi nauli inatoka mfukoni mwenu wenyewe.

Leo tujifunze juu ya jambo linalowapata karibu wote wanaotumikia namna hiyo. Mnapanga vizuri, mnasali, mnaanza kwa furaha, halafu mambo yanaharibika. Wahenga walisema mipango si matumizi. Sasa, mipango ya utume ikivunjika, mume na mke watafanya nini wakirudi nyumbani jioni ile?

JINSI UCHUNGU UNAVYOINGIA NYUMBANI

Tuchukue mfano. Mume na mke wameombwa kuwafundisha wachumba kila Jumapili baada ya Misa. Siku ya kwanza zinafika jozi tisa. Mwezi wa pili zimebaki jozi mbili. Mvua inanyesha na barabara haipitiki. Kisha paroko aliyewaomba anahamishwa, na yule mpya ana utaratibu wake. Anawaambia kwa upole kwamba mafunzo sasa yatafanyika makao makuu ya parokia, na yatatolewa na watu wengine. Daftari zao za mafundisho zinabaki kabatini.

Jioni hiyo mume hasemi, "Mama, nimevunjika moyo." Wanaume wengi hawana desturi ya kusema hivyo. Anaingia akilalamika kwamba chakula kimechelewa. Mke naye anajibu, "Zile Jumapili zote ungetengeneza zizi la ng'ombe, leo tungekuwa na kitu cha kuonyesha." Maneno yalianza na mambo ya parokia, sasa yamefika kwenye zizi, na watoto wanasikiliza.

Angalieni vizuri lililotokea hapo. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Wote wawili wameumia kwa jambo moja, lakini kwa kuwa hawakuliambiana, kila mmoja amemgeuza mwenzake kuwa adui. Mwingine hatoi maneno makali, ila ananyamaza wiki nzima. Mwingine anajitupa katika kazi nyingine tatu za kanisa ili aonekane bado anafaa, na nyumbani anakuwa mgeni. Hatari kubwa ya kukata tamaa katika utume ni hiyo. Kazi ya kanisa inaweza kupewa mtu mwingine kesho. Ndoa yenu haina mtu mwingine wa kuishika.

AKILA NA PRISILA, WALIOFUKUZWA NYUMBANI

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 18. Hapo tunakutana na mume na mke Wayahudi, Akila na Prisila. Walikuwa wakiishi Roma. Kaisari Klaudio akatoa amri Wayahudi waondoke mji huo. Wataalamu wengi huiweka amri hiyo karibu na mwaka 49. Mume na mke hao wakaacha makao yao, wakahamia Korintho, wakaanza upya na kazi yao ya kushona mahema.

Hapa Kenya tunao watu wanaoelewa jambo hili bila kuelezwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi zilihama usiku zikiwa na nguo walizovaa. Miongoni mwao walikuwamo makatekista na viongozi wa jumuiya. Aliyepitia hayo anajua kwamba kuhama si kubadilisha anwani tu. Unaacha pia majirani uliosali nao na kanisa ulilobeba mawe ya kulijenga.

Katika Korintho ile, Paulo naye alifika akiwa amechoka. Yeye mwenyewe anawaandikia Wakorintho baadaye (1 Kor. 2:3) kwamba alikuwa kwao katika udhaifu na hofu. Mipango yake ilikuwa imevunjika mara kadhaa. Matendo 16:6-7 inatueleza kwamba alitaka kuhubiri katika jimbo la Asia, akazuiwa. Akajaribu kuingia Bithinia, akazuiwa tena. Huko Filipi alipigwa na kufungwa gerezani. Sasa Korintho, watu aliowaendea kwanza katika sinagogi walimpinga, hata Bwana akamtokea usiku kumwambia asiogope (Mdo. 18:9-10).

Basi mume na mke waliofukuzwa wakampokea mtume aliyechoka. Walimpa nafasi nyumbani na kazi ya mikono, wakala pamoja. Paulo akakaa mji ule mwaka mmoja na miezi sita. Alipoondoka walisafiri naye hadi Efeso, wakabaki huko. Ni wao waliomchukua Apolo, mhubiri hodari ambaye alikuwa bado hajaelewa yote, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Tena hawakumwaibisha mbele ya watu. Na Efeso ilikuwa mji mkuu wa lile jimbo la Asia ambalo Paulo alizuiwa kuhubiri hapo mwanzo! Alipopata nafasi ya kurudi, alikuta mume na mke wamemtangulia, na waamini wakawa wanakusanyika nyumbani mwao (1 Kor. 16:19). Hatimaye Warumi 16:3-5 inawaonyesha wako Roma tena, na nyumba yao ni kanisa vilevile.

Agano Jipya linawataja mara sita, na mara zote sita wanatajwa pamoja. Mji ulibadilika, na makao yao pia. Lakini hakuna mahali tunaposoma kwamba Akila alikwenda peke yake akamwacha Prisila na manung'uniko.

JE, NI MUNGU ALIYEVUNJA MPANGO?

Hapa tuwe waangalifu. Baadhi yetu, jambo likiharibika, husema mara moja, "Ni mapenzi ya Mungu." Wengine husema, "Ni shetani." Maneno yote mawili yanaweza kutumika kukwepa kufikiri.

Amri ya Klaudio ilikuwa uamuzi wa mtawala, na iliwaumiza watu wasio na hatia. Hatusemi Mungu alipenda waonewe. Tunasema kwamba uonevu ule haukumshinda Mungu. Aliweza kufanya jema hata kutoka hapo. Ndivyo Yosefu alivyowaambia ndugu zake waliomuuza (Mwa. 50:20), na ndivyo Paulo anavyofundisha katika Warumi 8:28.

Mara nyingine mpango umevunjika kwa sababu tuliupanga vibaya. Tuliweka mkutano siku ya soko, au hatukuwauliza watu wana shida gani. Hapo tumaini kwa Mungu linatutaka turekebishe. Mara nyingine ni wakati wenyewe. Machi 2020 makanisa yetu yalipofungwa kwa sababu ya korona, wakatekumeni wengi waliokuwa wakihesabu siku hadi ubatizo wa Pasaka walilazimika kungoja. Makanisa yalipoanza kufunguliwa Julai, Misa moja haikuruhusiwa kuzidi watu 100. Katekista gani angeweza kupanga hilo? Lakini katika miezi ile, baba wengi ambao hawakuwahi kuongoza sala nyumbani walishika Rozari na kuongoza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umeiita familia Kanisa la nyumbani tangu mwaka 1964. Wengine tulilielewa neno hilo mlango wa kanisa ulipokuwa na kufuli.

MUME NA MKE WALIOOMBA MMISIONARI

Mtu anaweza kuuliza, "Na kama tusipoona matunda?" Ni swali la haki. Akila na Prisila walirudi Roma. Wapo wasiorudi.

Katika nchi ya Ufaransa, Louis Martin alitaka kuwa mtawa. Alikataliwa kwa sababu hakujua Kilatini. Zélie Guérin naye aliomba kuingia kwa masista, akakataliwa. Louis akawa fundi wa saa, Zélie akawa mtengenezaji wa lesi. Walioana katika mji wa Alençon tarehe 13 Julai 1858. Wakamwomba Mungu awape mtoto wa kiume atakayekuwa padri na mmisionari. Walipata watoto tisa. Wanne walifariki wakiwa wadogo, na kati yao walikuwamo wavulana wote wawili. Wote wawili walikuwa wamepewa jina la Joseph, na hakuna aliyefikisha mwaka mmoja.

Mama, wewe uliyemzika mtoto unajua maana ya sentensi hiyo. Asikuambie mtu kwamba mwenye imani halii. Zélie alilia.

Mtoto wa mwisho alikuwa msichana, aliyezaliwa Januari 1873. Zélie alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1877, wakati msichana huyo ana miaka minne. Louis alibaki na mabinti watano, na katika uzee wake akaugua akili, akalazwa hospitalini kwa miaka kama mitatu. Alifariki mwaka 1894. Msichana yule ndiye tunayemwita Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, bila kukanyaga nchi yoyote ya misioni. Hata hivyo mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa misioni duniani pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Na wazazi wake, Louis na Zélie, walitangazwa watakatifu pamoja na Papa Fransisko tarehe 18 Oktoba 2015.

Waliomba mmisionari, na Mungu akawapa. Lakini hakumtoa kwa njia waliyopanga, na Zélie hakuona hata mwanzo wake. Tumaini lake halikusimama juu ya matokeo. Lilisimama juu ya Mungu aliyemjua, aliyesali kwake kila siku pamoja na mumewe.

MFANYE NINI BASI?

Kwanza, ambianeni uchungu kabla haujageuka hasira. Baba, mwambie mke wako kwa maneno mepesi, "Jambo hili limeniuma." Hutapungukiwa heshima. Mama, akisema hivyo, usikimbilie kumrekebisha. Msikilize mpaka amalize.

Pili, msitafute mwenye hatia ndani ya nyumba. Maneno kama "nilikuambia" hayajawahi kuponya mtu. Kama kuna kosa la kujadili, lijadilini kesho yake, baada ya usingizi na chakula.

Tatu, tenganisheni wito na mpango. Mpango wa kufundisha Jumapili katika kigango fulani unaweza kufa. Wito wenu wa kupendana na kumtumikia Mungu haujafa nao. Labda wale wachumba wawili waliobaki bado wanaweza kuja kwenu kunywa chai na kuuliza maswali. Akila na Prisila walimfundisha Apolo bila ya darasa.

Nne, nendeni kwa paroko mkiwa wawili, kwa adabu, mkamwulize mnaweza kusaidia wapi sasa. Msipeleke malalamiko kwa majirani kwanza. Kigango kimegawanyika mara nyingi kwa sababu ya maneno yaliyoanzia penye kisima.

Tano, kama mmechoka kweli, pumzikeni. Kuomba likizo ya miezi michache katika utume ili mtunze mgonjwa au mlipe karo si kumkimbia Mungu. Yeye aliwapa watoto hao kabla ya kuwapa cheo cha jumuiya. Lakini msiache sala yenu wawili, hata ikiwa ni Baba Yetu moja kabla ya kulala.

MASWALI YA MUME NA MKE

Zimeni redio jioni moja wiki hii, mjiulize:

1. Ni mpango gani wa utume uliovunjika ambao bado unatuuma, na hatujauzungumza?
2. Je, kuna neno nililokuambia siku hizo ambalo ningependa kulifuta?
3. Mlango ule ukiwa umefungwa, ni nani aliye karibu na nyumba yetu tunayeweza kumpokea, kama Akila na Prisila walivyompokea Paulo?

Mkimaliza, shikaneni mikono msali kwa maneno yenu wenyewe. Mkikosa maneno, semeni hivi: Bwana, tulikupangia kazi, na kazi imeanguka. Tupokee sisi wenyewe. Utuonyeshe la kufanya kesho, na utuache tulifanye pamoja. Amina.