SOMO KWA WANAKWAYA: NGURUMO YA BESI NA DAWA YAKE



Katika somo la leo tutaitazama ngurumo inayotoka katika spika pindi besi kubwa inapopigwa kwa umeme. Besi tunayoisema ni ile ya mbao, yenye nyuzi nne na kimo kumpita mpigaji, ambayo wapenzi wa taarabu ya Unguja wanaifahamu vema.

Mzee mmoja alikuja na besi yake kuisaidia kwaya katika arusi. Alipougusa uzi wa pili, spika iliguna, kisha ikanguruma hata watoto wakaziba masikio. Wimbo wa kumpokea bibi arusi ukakatika katikati. Baadhi yetu tulimnong'oneza aache. Akaufunga mfuko wa chombo chake, akatoka nje kabla ya ibada kwisha. Kumbe kosa lilikuwa letu tuliopanga vyombo: tuliiweka spika nyuma ya mgongo wake. Tunaandika somo hili ili mpigaji mwingine asitwishwe aibu isiyo yake.

CHANZO CHAKE

Sauti ya uzi huingia katika maikrofoni, hukuzwa na amplifaya, hutoka katika spika. Sauti hiyo ikirudi na kukipiga kifua cha besi, mbao na nyuzi hutikisika upya, na sauti huingia tena katika maikrofoni. Huo ni mzunguko. Iwapo kila mara sauti inarudi na nguvu sawa au kupita ya kwanza, ngurumo huendelea yenyewe, hata mkono ukiondoka kwenye uzi. Wataalamu huiita athari ya Larsen, kwa jina la Søren Larsen, mwanasayansi wa Denmark. Besi hupatwa zaidi kwa sababu kifua chake ni kipana na kitupu ndani, hivyo hupokea sauti kama ngozi ya ngoma.

Basi dawa ni kuukata mzunguko. Tuanze na hatua zisizo na gharama.

1. Mahali. Spika ikae mbele ya mpigaji, ielekee watu. Isiwekwe pembeni mwa kuta mbili, kwa kuwa kona huzidisha sauti nzito. Mpigaji naye ajaribu kusogea. Uzi wa pili kwa uzito, A, hutoa mitikisiko 55 kwa sekunde, na sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Hivyo wimbi lake lina urefu wa mita 6 na kitu. Kwa hiyo kusogea kidole kimoja hakusaidii. Asogee hatua moja au mbili, asikilize.

2. Maikrofoni. Iwe karibu sana na besi ili isihitaji kukuzwa mno. Maikrofoni zisizotumika zizimwe, maana kila zinapoongezeka maradufu, nafasi iliyobaki kabla ya ngurumo hupungua kwa desibeli 3 hivi. Kinasa sauti kinachobanwa kwenye kidaraja cha nyuzi ni bora zaidi, ingawa nacho hakiponyi kabisa, kwa sababu mbao bado hutikisika.

3. Vitufe. Uzi mzito kuliko wote, E, hutoa mitikisiko 41 kwa sekunde. Chini ya hapo hakuna noti ya besi ya kawaida, basi sauti za huko zikatwe. Kisha mpigaji apige noti moja moja polepole. Ile inayonguruma ndiyo ipunguzwe, nyingine ziachwe. Tukipunguza sauti zote nzito, tutabaki na besi isiyo besi.

4. Kugeuza wimbi. Amplifaya nyingine zina swichi inayogeuza wimbi, lililopanda likashuka. Tuijaribu pande zote mbili, tuchague upande ulio kimya.

5. Besi yenyewe. Vipande vya sponji katika matundu mawili ya kifuani hupunguza kutikisika. Na mpigaji akipumzika, azilaze nyuzi kwa kiganja.

Hayo yote yafanywe kabla watu hawajaingia. Yakishindikana, tupunguze sauti ya spika: afadhali besi ndogo inayosikika vema kuliko kubwa inayofukuza watu.

Tulimwendea mzee yule nyumbani, tukamwomba radhi. Aliporudi tuliisogeza spika mbele, naye akasogea hatua mbili kushoto. Wimbo ulifika mwisho.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ngurumo huendelea hata uzi usipoguswa?
2. Kanisani mwenu spika imewekwa wapi, na mpigaji husimama wapi?
3. Ngurumo ikitokea, ni nani anayelaumiwa kwanza? Je, ni haki?