Karafuu Ukutani: Picha za Mimea za Kizamani kwa Gharama Ndogo

Mtaalamu wetu wa mapambo ya nyumbani anajibu maswali kuhusu zile picha za mimea zenye jani, ua na tunda kwenye ukurasa mmoja, na jina la Kilatini chini yake.

Picha zenyewe nitazipata wapi bila kununua?

Mtandaoni, bure na kihalali. Maktaba ya kidijitali iitwayo Biodiversity Heritage Library imeweka maelfu ya vitabu vya kale vya mimea ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Anza na kitabu cha mimea ya dawa cha Mjerumani Köhler, kilichoanza kutoka mwaka 1887. Humo mna karafuu, kungumanga, mdalasini, vanila na kahawa. Kila mmea una tawi lake, ua lililopasuliwa katikati, na mbegu zilizochorwa kando. Wengi hukimbilia mawaridi ya Ulaya, na mimi sioni sababu. Kama umekulia Pemba, chumba chako kinastahili karafuu.

Wa Tanga naye atafute Curtis's Botanical Magazine, jarida lililoanzishwa London mwaka 1787. Mwaka 1895 lilichapisha mchoro wa ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo leo hupandwa kwenye vyungu karibu dunia nzima.

Ila si kila mchoro wenye sura ya kizamani ni wa bure. Joy Adamson alichora mamia ya mimea ya Kenya, lakini alifariki mwaka 1980 na kazi zake bado zinalindwa.

Nilichapisha, picha ikatoka na ukungu. Kosa liko wapi?

Bila shaka ulichukua kipicha kidogo kilichotokea kwenye matokeo ya utafutaji. Pakua faili kubwa: kwa A4 kamili unahitaji kama pikseli 2,480 kwa 3,508. Tena usimtumie mtu wa steshenari kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana itabanwa na ubora utapotea. Mpelekee kwenye flashi. Mwombe karatasi isiyong'aa, rangi ya krimu, ya gramu 160 hadi 200.

Nimesikia karatasi hupakwa chai ili ionekane kuukuu. Ni kweli?

Ni kweli, na inapendeza, mradi uipake kabla ya kuchapisha. Wino wa printa nyingi za kawaida hutawanyika ukiguswa na maji. Chemsha chai ya rangi nzito, iache ipoe, ipitishe kwa sponji pande zote mbili, kisha anika karatasi mahali tambarare. Ikikauka kabisa, ipige pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa. Usitie sukari, la sivyo sisimizi ndio watakaokuwa watazamaji wako wa kwanza.

Lakini angalia jambo moja ambalo wengi hawalioni. Kurasa zilizopigwa picha kutoka kwenye vitabu hivyo tayari zina umanjano wa miaka mia na zaidi. Ukizichapisha juu ya karatasi ya chai, unapata umanjano juu ya umanjano, na kijani cha majani kinakufa. Chagua moja: ama uache umanjano wa kitabu na kutumia karatasi ya krimu, ama ufute mandharinyuma kwa programu ya simu na kutumia karatasi ya chai. Na kuchoma kingo kwa mshumaa? Hapana. Matokeo yake ni kama barua ya mfalme kwenye mchezo wa kuigiza wa shule ya msingi.

Kitanda changu ni tano kwa sita. Niweke ngapi?

Tatu, kutoka kitabu kimoja. Mwambie fundi akutengenezee fremu nyembamba za mbao, sentimita 30 kwa 40, na ndani yake azungushe kadi nyeupe kuzunguka picha ya A4. Kadi hiyo ndiyo inayoipa picha heshima, na inaizuia isigande kwenye kioo wakati wa unyevu. Acha sentimita 5 kati ya fremu na fremu. Jumla ni mita moja, yaani theluthi mbili za upana wa kitanda. Zianzie sentimita 15 hadi 20 juu ya ubao wa kichwani, mbali na jua la moja kwa moja.

Nimepanga, na mwenye nyumba hataki misumari.

Ziegemeze juu ya kabati au meza ya kioo, kubwa nyuma, ndogo mbele. Gundi ya kubandika usiijaribu kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kwani fremu itaanguka na rangi nayo itabanduka.