Daftari la Mwethya Kwenye Simu

Vijana wakiwatengenezea programu ya kumbukumbu kwenye intaneti, waulizeni hivi: mtu akibonyeza "rudi", anafika wapi? Programu ya ukurasa mmoja ni kama daftari: jalada, yaani jina la kikundi na menyu, halibadiliki, ya ndani ndiyo hubadilika. Ndani ya Wanachama kuna mwanachama, na ndani yake akiba na mikopo yake.

Kila sehemu ipewe anwani yake, kwa mfano /wanachama/12/mikopo, yaani mikopo ya mwanachama nambari 12. La sivyo, mweka hazina akibonyeza "rudi" anatupwa nje kabisa, na hesabu aliyokuwa akiandika yaweza kupotea. Yalinipata mimi, mkutano mzima ukiningoja!

Menyu iwe fupi. Mwiteni mama asiyezoea simu, ajaribu kabla hamjalipa.