Kumdhibiti Nzi wa Matunda Kabla Hajataga: Mwongozo kwa Wenye Miembe na Mipera wa Kigera

Mwongozo huu unawahusu wakulima, wavunaji na wachuuzi wa matunda wa Kigera na maeneo mengine ya Musoma, Butiama na Bunda. Lengo lake ni kuonyesha kwa nini kazi ya kuokoa embe hufanywa kabla nzi hajataga.

1. Mtambue mdudu

Mharibifu mkuu ni Bactrocera dorsalis, nzi mwenye asili ya Asia aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Ana urefu wa milimita 8 hivi, na jike ana mrija mwembamba wa kutagia mwishoni mwa tumbo. Asichanganywe na vinzi vidogo vya Drosophila vinavyozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Hivyo havitoboi embe nzima.

2. Yai hutagwa likiwa na maagizo yake

Siri za yai la nzi zimejulikana hasa kupitia vinzi hivyo vidogo. Ndani ya ovari, kila yai changa limeunganishwa na seli 15 za kulilea. Seli hizo hunakili jeni za mama katika RNA mjumbe, yaani maagizo ya kutengeneza protini, na kuyasukuma maagizo hayo ndani ya yai.

Kila agizo lina mahali pake. Lile la jeni ya bicoid hukaa upande utakaokuwa kichwa. La oskar husafirishwa hadi upande wa nyuma, na likiwa njiani protini iitwayo Bruno hulizuia lisisomwe mapema. Mama asipoweka bicoid, kiinitete hukosa kichwa na kifua. Utafiti wa jeni zinazoongoza ukuaji huu uliwapatia Christiane Nüsslein-Volhard, Eric Wieschaus na Edward Lewis Tuzo ya Nobel mwaka 1995.

Kwa hiyo yai linapotagwa tayari lina maagizo ya kuanzia na akiba ya chakula. La nzi wa embe huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3, likiwa chini ya ganda, ambako dawa inayopuliziwa juu ya tunda hailifikii vizuri.

3. Mvizie jike akiwa na njaa

Jike anayetoka kwenye pupa ardhini hawezi kutaga siku hiyo. Huhitaji wiki moja au zaidi, na protini ya kutosha, ili mayai yakomae tumboni. Akishapata chakula anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Siku hizo za kutafuta protini ndizo nafasi ya mkulima.

4. Kazi za shambani

(a) Tundika mitego matunda yakiwa bado machanga. Mtego wa methili eujenoli hunasa madume tu; hauwazuii majike waliokwisha pandwa.

(b) Weka pia chambo cha protini chenye kiuatilifu, kwa matone kwenye sehemu chache za majani, si mti mzima. Tumia bidhaa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na umuulize afisa ugani wa kata kipimo chake.

(c) Okota matunda yaliyoanguka kila siku mbili au tatu. Buu hutoka kwenye tunda na kuzama ardhini sentimita chache, kisha hugeuka pupa. Fukia matunda hayo futi 2 kwenda chini, au yafunge ndani ya nailoni nyeusi nzito isiyo na tundu na kuyaacha juani wiki 2.

(d) Usisahau mpera ulio nyuma ya nyumba. Embe zikiisha, nzi huendelea kuzaliana kwenye mapera.

(e) Waache sisimizi wa majimoto wanaojenga viota vya majani mwembeni. Huwinda mabuu na kuwafukuza majike wanaotaka kutaga.

5. Kwa mvunaji na mchuuzi

Chuma embe zilizokomaa kabla hazijaanza kulainika. Wakati wa kuchambua, tafuta kitobo kidogo chenye utomvu au doa laini. Chana ganda hapo kwa ncha ya kisu: mayai ni meupe, membamba, yenye urefu wa milimita 1 hivi, na hukaa kwa mafungu. Embe yenye kitobo iondolewe tengani na kufukiwa au kufungwa kama ilivyoelezwa katika 4(c). Usiitupe jalalani sokoni, maana buu atamalizia kukua hapohapo.

6. Fanyeni kwa pamoja

Nzi huvuka ua. Wenye miti katika kitongoji kimoja wakubaliane siku za kuokota na kubadilisha chambo, na mwenyekiti wa kitongoji awe na orodha ya kaya zinazoshiriki. Mwembe mmoja usiohudumiwa unatosha kuwapa majike mahali pa kutaga na kurudisha hasara kwa wote.