Marudio ya Kipaimara: Maswali na Majibu Kuhusu Uvumilivu

Kwa vijana wa Bukoba na Muleba. Soma swali, funika jibu, jaribu mwenyewe kwanza.

1. Uvumilivu wa Kikristo ni nini? (alama 2)

Ni kuendelea na kazi uliyopewa na Mungu hata pale ambapo sababu za kuiacha zipo na zinaeleweka. Wengi huandika "kukaa kimya na kungoja". Hapo mwalimu mkarimu atakupa alama moja. Mimi sitoi hata hiyo, kwa sababu aliyekata tamaa naye hukaa kimya.

2. Katika Warumi 5:3-4 Paulo anataja hatua zipi? (alama 3)

Anaanza na dhiki, anapitia saburi na moyo uliokwisha kupimwa, anafika kwenye tumaini. Usivuruge mpangilio. Tumaini liko mwisho, kwa hiyo hata anayeanza bila tumaini tele bado yumo safarini.

3. Kwa mifano ya historia, eleza jinsi Wakristo wa Buhaya walivyodumu bila wamisionari. (alama 15)

Swali hili lina alama nyingi, lipe muda wake.

Anza kabla ya Wazungu wa Betheli. Waprotestanti wa kwanza wa Buhaya walipata Injili kutoka Uganda, wakasoma vitabu vya Kiganda, lugha ambayo haikuwa yao. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi ni Andereya Kajerero. Misheni ya Betheli ya Ujerumani ilipoanza kazi Bukoba mwaka 1910, ilikuta watu wanaosoma na kusali tayari. Taja jambo hili waziwazi. Ukianza na "wamisionari walileta", umewaruka walioanza.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliishambulia Bukoba Juni 1915, na mwaka uliofuata utawala wa Wajerumani katika eneo hili ukakoma. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Hapo Kajerero na wenzake walikuwa na kila kisingizio cha kurudi mashambani: wenye kanisa wameondoka, tena wameondoka kama maadui wa serikali mpya. Hawakurudi. Waliongoza ibada, wakafundisha waliotaka ubatizo, wakalishika kundi hadi Wabetheli waliporuhusiwa tena.

Ukaja mtihani uleule mara ya pili. Vita ya mwaka 1939 ilipoanza, Wajerumani waliwekwa kizuizini, na Wasweden wakaja kusaidia. Mmoja wao, Bengt Sundkler, akawa askofu wa kwanza wa Kilutheri huko mwaka 1961. Mwaka 1964 nafasi yake ilichukuliwa na Josiah Kibira, mwana wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Tahadhari: usimalizie kwa uaskofu kana kwamba ndio malipo ya uvumilivu. Kibira alimaliza utumishi wake akiwa mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, akafariki mwaka 1988. Naye alihitaji saburi baada ya heshima zote, pengine kuliko kabla yake.

4. Toa mfano mmoja kutoka Kanisa Katoliki. (alama 4)

Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 upande wa Kamachumu, Muleba ya leo. Alisoma miaka mingi, ikiwemo seminari ya Katigondo nchini Uganda, akapewa upadre Desemba 1943. Mwaka 1960 akawa kardinali. Watahiniwa hukimbilia ukardinali. Mwenye swali anataka ile miaka ya masomo.

5. Tetemeko la ardhi la Kagera la 10 Septemba 2016 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi. Je, walioumia walikosa imani? (alama 5)

Hapana. Rejea Luka 13: Yesu aliletewa habari ya namna hii, akataja walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kusema walikuwa wakosaji kuliko wengine. Shule za Ihungo na Nyakato zilibomoka. Matofali hayakuchagua mwanafunzi wa kumwangukia. Jibu hilohilo litumie kwa waliozama na MV Bukoba Mei 1996, na kwa familia zilizopigwa na UKIMWI tangu wagonjwa wa kwanza nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983. Ongeza kwamba uvumilivu wa kanisa wakati wa UKIMWI ulionekana kwa bibi aliyeanza kulea upya akiwa mzee, na kwa waliomletea sare na madaftari ya wajukuu.

6. Yakobo 5:7 anamtaja mkulima. Anafundisha kungoja tu? (alama 5)

Mwulize aliyeona mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba katikati ya miaka ya 2000. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa uteute wa njano. Dawa ya kupulizia hakuna. Unang'oa shina zima, visiki na vyote, na panga unalipitisha motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua la mkungu unalivunja kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Halafu unaliacha shimo miezi kadhaa bila kupanda mgomba, huku nyumbani wanauliza watakula nini. Mkulima wa Yakobo hangojei mvua akiwa amelala. Sehemu ya kungoja ipo kweli, ila inakuja baada ya jembe.

7. Je, mtu akilia au kulalamika mbele za Mungu amepoteza uvumilivu? (alama 3)

La. Ayubu alilalamika sura nyingi, na Yakobo 5:11 bado anamtaja kwa sifa.

8. Swali la nyumbani, lisilo na jibu hapa. (alama 10)

Katika usharika au kigango chako, mtafute mtu aliyeendelea na kazi moja kwa miaka mingi bila kutajwa kwenye matangazo ya Jumapili. Mwulize nini kilimfanya atake kuacha. Andika aliyoyasema. Askofu, mchungaji na padre hawaruhusiwi katika jibu hili.